Sindano Kwanza, Cherehani Baadaye

Watu wengi hulalamika kwamba nguo za watoto zamaliza fedha za nyumba. Malalamiko hayo ni ya kweli, wala hatuwacheki wayasemao. Walakini tukiingia katika nyumba hizo hizo na kuuliza, "Ni nani humu ajuaye kutia kifungo?" mara nyingi twajibiwa kwa kicheko. Shati limepoteza kifungo kimoja, nalo limetupwa pembeni. Kaptula imefumuka mshono wa nyuma kiasi cha kidole, yangoja kupelekwa kwa fundi. Na fundi yu mbali, na siku ya soko ni Jumamosi. Jumamosi ikifika, kidole kimekuwa shubiri, na mshono uliotaka uzi kidogo na dakika tano sasa wataka kitambaa kipya. Wazee walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nyumba zetu ufa huo mara nyingi huanzia katika nguo.

Basi neno letu ni hili: kila nyumba na ijifunze kushona, na ianze kwa sindano ya mkono. Hatusemi kwamba kila mtu awe fundi, wala hatusemi kwamba mkulima aache jembe akae kivulini na mkasi. Twasema kwamba mtu mzima asiyeweza kupima mwili wa mtoto wake, kuachia pindo la sketi, kutia kiraka, na kukata kitambaa pasipo kukiharibu, hulipa kodi ambayo hakuna serikali iliyomwandikia. Hujitoza mwenyewe kila mwaka, na stakabadhi hapati.

Tazameni jambo la sare za shule. Huko Kenya ada ya shule za msingi iliondolewa mwaka 2003. Kwetu Tanzania serikali ilitoa waraka wa elimu mwaka 2015, na tangu Januari 2016 wazazi hawatozwi ada katika shule za serikali za msingi na za sekondari mpaka kidato cha nne. Hayo ni mema makubwa. Lakini shati, kaptula, sketi na sweta zilibaki mikononi mwa mzazi. Kwa watu wengi wa vijijini, baada ya ada kuondoka, sare ndiyo iliyokuwa mzigo wa kwanza wa Januari, mwezi ule ule ambao chakula ghalani chapungua na shamba lataka mbegu.

Na mtoto ambaye kaptula yake imepasuka nyuma hafanyaje? Mtoto hasemi, "Naona haya." Husema, "Tumbo laniuma." Leo laniuma, kesho laniuma, na keshokutwa mwalimu aandika katika daftari kwamba mtoto huyu ni mtoro. Msichana aliyekua na sketi yake ikabaki fupi hupata taabu kubwa zaidi, maana hachekwi na wenzake tu, bali hutazamwa vibaya njiani. Tunazungumza, basi, juu ya zaidi ya uzi na kifungo. Siku za masomo zinapotea kwa sababu ya mshono ambao mtu mmoja nyumbani angeweza kuurudisha usiku ule ule mbele ya taa.

Sasa na tufanye hesabu. Tuseme nyumba ina watoto 4 waendao shule, na kila mmoja ana sare 2, yaani mashati 2 na kaptula au sketi 2. Hizo ni nguo 16. Ikiwa kila nguo yadumu mwaka mmoja kisha hutupwa kwa kuwa imekuwa fupi au imechanika, nyumba hiyo itanunua nguo 16 kila mwaka, na katika miaka 6 itanunua 96. Lakini ikiwa nguo zilikatwa zikiwa na pindo pana, zikaachiwa mtoto alipokua, zikatiwa viraka mapema, na ya mkubwa ikapunguzwa kumfaa mdogo, hata kila nguo ikadumu miaka 2, basi hesabu yashuka mpaka 8 kwa mwaka, na katika miaka 6 ni 48. Nguo 48 zimeokolewa, na hapo bado hatujashona vazi jipya hata moja, wala hatujanunua cherehani. Kila msomaji na achukue bei za soko lake aziweke katika hesabu hii, naye ataona mwenyewe ni fedha ngapi.

Tunajua ya kuwa wako wapingao. Twataka kuwajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza husema, "Mitumba ipo. Gauni la mtumba hupatikana kwa fedha kidogo kuliko kitambaa chake. Kwa nini nijitaabishe kushona?" Mtu huyu ana neno. Mara nyingi ni kweli kwamba vazi la mtumba ni rahisi kuliko kitambaa kipya, uzi, vifungo na ujira. Anayekwambia kwamba kila ukishonacho nyumbani ni rahisi kuliko mtumba hakwambii kweli, nasi hatutaki kuitetea sindano kwa uongo.

Lakini tuangalie ndani ya neno hilo. Sare yenye rangi na mshono wa shule yako haipatikani katika mtumba illa kwa bahati. Tena mtumba wenyewe wataka sindano. Nguo hizo zilikatwa kwa miili ya watu wengine: nyingine zina mikono mirefu mno, nyingine kiuno kipana, nyingine zimepoteza vifungo njiani. Mtu asiyejua kushona huchagua zile zilizokwisha mfaa, nazo ndizo zigombaniwazo na watu wote. Ajuaye sindano huweza kuchukua shati kubwa la pamba ambalo wengi waliliacha kwa upana wake, akalifumua, akapata humo shati la mtoto, na pengine kitambaa cha viraka juu yake. Kwa hiyo sindano haishindani na mtumba. Huufanya mtumba uwe rahisi zaidi.

Tena bei ya mtumba haimo mikononi mwetu. Babu zetu waliijua habari hii. Katika karne ya 19 pwani yote na njia za misafara zilijaa kitambaa kilichoitwa merikani, kwa kuwa kilitoka katika viwanda vya Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza huko mwaka 1861, vikadumu mpaka 1865, merikani ikaadimika, na watu wa huku, wasiokuwa na neno katika vita vile, wakaona upungufu wake. Na yaliyo karibu zaidi: mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika ya Mashariki walikubaliana kuipunguza mitumba kidogo kidogo mpaka ikome, na Rwanda ikaongeza sana ushuru wake. Marekani ikachukizwa, na mwaka 2018 ikaiondolea Rwanda ruhusa ya kuingiza nguo zake huko pasipo ushuru. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Kenya ilizuia mitumba kuingia tangu Machi mpaka Agosti. Hatusemi kama serikali hizo zilifanya vema au vibaya. Twasema tu kwamba neno lisemwalo katika mji wa mbali laweza kupandisha bei ya nguo ya mtoto wako kwa siku moja, na siku hiyo nyumba yenye sindano itakaa mwaka mzima na nguo ilizo nazo, na nyumba isiyo na sindano itaanza kukopa.

Wa pili husema, "Mkijishonea wote, fundi atakula nini?" Neno hili ni la huruma, walakini hofu yake ni ya zamani, nayo haikuthibitika. Mfaransa mmoja, Barthélemy Thimonnier, alipata hati ya kulinda mashine yake ya kushonea mwaka 1830. Muda mfupi baadaye mafundi wa Paris waliingia katika karakana yake wakazivunja mashine zake, wakiogopa kwamba riziki yao imekwisha. Je, mafundi walikwisha duniani? Leo hakuna soko la Afrika ya Mashariki lisilo na fundi cherehani barazani. Kazi ya fundi ni kushona suti, nguo za arusi, magauni ya mishono migumu, na sare za shule nzima kwa mara moja. Mwulizeni fundi yeyote habari za Desemba na Januari: nguo zimemrundikia mpaka dari, na kila mteja aambiwa, "Njoo kesho." Tukimwondolea vifungo na pindo, tumempunguzia usumbufu usiomlipa kitu.

Wala hatuoni ya kuwa fundi hupata hasara kwa mteja mwenye maarifa. Ajuaye kupima hununua kitambaa kinachotosha. Asiyejua huambiwa mita tatu na mwuzaji, naye hununua tatu na nusu kwa kuogopa, kisha vipande vilivyobaki huachwa sakafuni mwa fundi. Kitenge cha yadi 6 ni kama mita 5 na nusu. Mama mmoja hukitoa gauni moja na kilemba, akaona kimekwisha. Mwenzake hukitandaza chini, akapanga vipande kabla ya kukata, kimoja kikielekea juu na kimoja chini pale maua yanaporuhusu, akapata gauni lake na vijigauni viwili vya watoto. Kitambaa ni kimoja. Kilichowatenga ni nusu saa ya kupanga.

Wa tatu husema, tena kwa sauti kubwa, "Kushona ni kazi ya wanawake." Huyu ni mwanamume, naye nguo aliyovaa labda ilishonwa na mwanamume. Ni nani waliokaa na cherehani mbele ya maduka ya pwani na bara miaka yote hii, wakishona kanzu, suruali na magauni? Wengi wao ni wanaume. Ni nani washonao matanga ya majahazi? Ni wanaume. Mtume Paulo mwenyewe alikuwa mshona hema, wala hakuna aliyemdharau kwa hiyo. Ajabu ni hii: mwanamume akishona kwa ujira mjini huitwa fundi, akashikwa mkono kwa heshima, akishona kaptula ya mwanawe nyumbani pasipo ujira huchekwa. Sindano ni ile ile. Tunataka wavulana wafundishwe kama wasichana, kwa sababu mvulana huyo kesho atakuwa kijana apangaye chumba peke yake mjini, tena atakuwa baba. Na kama mke wake akiugua, watoto wasiende shuleni na vifungo vya mwiba.

Wa nne husema, "Sina cherehani, wala sina fedha ya kuinunua." Mbaazi akikosa maua husingizia jua. Isaac Singer alipata hati ya mashine yake huko Marekani mwaka 1851. Je, kabla ya mwaka huo dunia ilitembea uchi? Mavazi ya wafalme na matanga ya meli zilizoizunguka dunia yalishonwa kwa mkono. Mshono wa mkono wa kurudi nyuma, ambao sindano hurudi nusu ya hatua kila inapopita, ni imara. Ukishonwa kwa uzi mzuri na kwa hatua fupi hushika kaptula ya mtoto apandaye miti. Sindano, uzi mweusi na mweupe, mkasi ukatao vizuri, futi ya kupimia, chaki na pini: hivi vyote huingia katika kopo moja. Nyumba iliyo na kopo hilo imeanza kazi.

Tena na tuseme wazi juu ya cherehani, maana wengine wameingia katika taabu kwa ajili yake. Mwaka 1856 kampuni ya Singer ilianza kuwauzia watu mashine kwa malipo ya kidogo kidogo, na tangu hapo cherehani na deni zimekuwa marafiki. Mtu ananunua cherehani kwa mkopo kabla hajajua kukata kola. Anaharibu vitambaa viwili, anakata tamaa, na cherehani yafunikwa kitambaa cha maua na kuwa meza ya redio. Deni halifunikwi. Basi fanyeni hesabu kabla ya kununua. Tuseme bei ya cherehani yalingana na ujira wa fundi kwa nguo 40. Nyumba ishonayo nguo 8 kwa mwaka itairudisha fedha hiyo kwa miaka 5. Lakini nyumba 5 za jirani zikichanga pamoja, kila moja ikishona nguo 8, fedha imerudi kwa mwaka mmoja. Wachangao na waandike mapema ni nani atunzaye mashine, ni nani anunuaye mafuta na sindano, na kila nyumba ina siku gani. Urafiki mwingi umevunjwa na sindano moja iliyovunjika pasipo mwenyewe kujulikana.

Iko akiba nyingine ya uongo, nayo hatuwezi kuinyamazia. Katika nyumba nyingi utakuta vitambaa vya mezani vilivyotariziwa maua mazuri sana: waridi jekundu, ndege wawili, na maneno ya kumkaribisha mgeni. Mkono ulioyafanya hayo ni mkono hodari. Lakini chini ya meza hiyo hiyo ameketi mtoto ambaye kiwiko cha sweta yake kimetoka nje. Twauliza: msichana aliyefundishwa kutarizi ndege, kwa nini hakufundishwa kutia kiraka? Uzuri wa nyumba hatuuchukii. Twaomba mpango tu: kwanza kiraka, kisha ndege. Shule zetu nazo zimekuwa na masomo ya mikono kwa muda mrefu. Tanzania ilitangaza Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na huko Kenya utaratibu wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulileta sayansi kimu na ufundi katika shule za msingi. Mawazo hayo yalikuwa mema. Lakini somo la kushona litahukumiwa kwa nguo ya mtoto aendapo nyumbani, kabla ya kuhukumiwa kwa kitambaa kilichotundikwa ukutani siku ya wageni.

Watu wengine hudhani kwamba kutia kiraka ni alama ya ufukara. Na wasikie habari za Uingereza. Wakati wa vita kuu ya pili na baada yake, tangu Juni 1941 mpaka Machi 1949, nguo huko ziligawiwa kwa tiketi. Mwaka wa kwanza mtu mzima alipewa tiketi 66 za mwaka mzima, na gauni moja la sufi lilichukua 11. Mwenye fedha na asiye na fedha walikuwa sawa mbele ya tiketi. Mwaka 1943 serikali yao ilichapa kitabu kidogo cha kuwafundisha watu kugeuza kola, kushonea viraka, na kufanya nguo za watoto kutoka katika nguo za wakubwa, na madarasa ya kushona yakafunguliwa. Taifa lile lilikuwa na viwanda vya nguo vilivyojulikana dunia nzima, nalo halikuona haya kuvaa kiraka. Watanzania wa makamo nao wakumbuka miaka ile ya kwanza ya 1980, nguo zilipokuwa adimu madukani, kabla serikali haijafungua mlango wa biashara mwaka 1984. Waliojua sindano walisitirika vizuri zaidi. Kiraka kilichokatwa mraba, kikapindwa kingo, kikafuata uzi wa nguo na kushonwa kwa hatua ndogo, ni heshima. Aibu iko katika tundu.

Sasa twawapa njia ya kujifunza, maana kulaumu pasipo kuonyesha njia ni kazi rahisi mno.

Mwezi wa kwanza shikeni sindano tu. Jifunzeni kutia kifungo, kupinda pindo, kupiga bandi, kushona kwa kurudi nyuma, na kutia kiraka. Fanyeni hayo juu ya nguo mbovu za nyumbani mpaka mshono unyoke.

Mwezi wa pili fumueni. Chukueni kaptula iliyokwisha kazi, mwifumue mishono yote kwa upole, mkapige pasi vipande vyake. Huyo ndiye mwalimu wenu. Mtaona kipande cha mbele si sawa na cha nyuma, na kwamba cha nyuma kimepanda juu kiunoni ili mtoto aweze kuinama. Wekeni vipande hivyo juu ya magazeti ya zamani, mchore, mkate, mmepata ruwaza. Yule Mmarekani Ebenezer Butterick alipoanza kuuza ruwaza za karatasi zenye vipimo mbalimbali mwaka 1863, nyumba nyingi ziliweza kushona nguo zisizoweza kuzishona zamani. Ninyi mwaweza kuipata yenu bure katika kaptula mbovu.

Kisha ndipo mshone kitu kipya, nacho kiwe chepesi. Anzeni na foronya ya mto, ambayo mishono yake yote imenyoka. Halafu sketi ya mpira kiunoni, halafu kaptula, halafu kijigauni cha mtoto kisicho na mikono. Shati lenye kola na mikono ni la mwisho, maana bega na kola huwashinda hata wengine wajiitao mafundi.

Shikeni kanuni chache. Kitambaa cha pamba kilowekeni majini na kukianika kabla ya kukata, kwa sababu hujikunja kikifuliwa, na nguo iliyokaa vizuri Jumapili hubana Jumapili ijayo. Pimeni mara mbili, mkate mara moja. Vipande vifuate uzi wa kitambaa. Mkivilaza hanamu pasipo kukusudia, nguo itapinda ikifuliwa. Acheni sentimita 1 na nusu kwa nafasi ya mshono, na katika nguo ya mtoto acheni zaidi ubavuni. Sketi ya marinda yaliyolazwa sana yataka upana wa kitambaa kama mara tatu ya kipimo cha nyonga: nyonga za sentimita 70 zataka sentimita 210, msipolijua hili mtanunua pungufu. Mtoto wa miaka 5 mpaka 10 hurefuka kama sentimita 5 au 6 kwa mwaka, na sketi hufunika sehemu tu ya mwili wake. Kwa hiyo pindo la sentimita 8 laweza kumsitiri miaka 2. Fundi wa haraka huwaachia sentimita 2, na baada ya mwaka mmoja mwanunua tena.

Ajuaye zaidi na awafundishe wengine. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa Tanzania tangu mwaka 1975, vimefundisha ushonaji kwa watu wengi, na vyuo vya ufundi vya serikali hali kadhalika. Kijiji kilicho na mtu mmoja aliyepita huko kina mwalimu tayari. Mwombeni alasiri moja kwa juma, chini ya mwembe, kila mtu aje na nguo yake iliyochanika. Mpelekeeni unga au kuni, maana mwalimu naye hula.

Ndugu wasomaji, hatuahidi kwamba sindano itawatajirisha. Mvua ikikosa, sindano haileti mahindi. Lakini fedha iliyookolewa katika kaptula moja ni daftari na kalamu, na iliyookolewa katika nguo 8 ni mbegu za shamba au dawa ya mgonjwa. Akiba haiozi. Basi leo jioni, kabla taa haijazimwa, kusanyeni nguo za shule za watoto, mzigeuze ndani nje, mtazame mishono. Palipolegea patieni uzi. Na mvulana aliye karibu aitwe aje kushika sindano.